Nakimbia Wagonjwa

Tangu nirudi kutoka Saadani, kila ninayekutana naye hapa Tegeta ananiuliza ilikuwaje. Nikianza kueleza mnacheka kabla sijafika hata Bunju, kisha mnaniambia nianze upya. Nimeona niandike, ili mwenye kucheka akacheke nyumbani kwake. Ila nawatahadharisha mapema: sehemu kubwa ya safari hii sikuielewa nilipokuwa ndani yake, na mpaka leo kuna mambo sijayaelewa.

Wengine hamjui hata kilichonifanya nikimbie, mtu wa makamo mwenye kitambi, fundi wa mafriji, ambaye mbio zangu za mwisho zilikuwa za kukimbia mvua. Basi nianzie hapo.

Mdogo wangu Zuhura ana ugonjwa ambao madaktari wanauita miasthenia. Kwa lugha yetu ni misuli kuchoka. Misuli yake inafanya kazi kama yako na yangu, ila haidumu. Akitwanga kidogo, mikono inagoma. Akizungumza sana, sauti inahamia puani. Akitafuna nyama, taya zinachoka nyama ikiwa bado nzima. Akipumzika, nguvu zinarudi. Kwa hiyo asubuhi utamkuta anakuna nazi huku anaimba, na alasiri utamkuta ameegemea ukuta, kope zimemshuka mpaka nusu ya macho, mwiko hauinuki.

Ameolewa Saadani, na anakaa nyumba moja na mama mkwe wake, Bi Mwanakombo. Huyo mama si mtu mbaya. Ila tangu Zuhura aanze kuumwa amekuwa akiuliza swali moja ambalo sisi hatujaweza kumjibu: ugonjwa gani huu unaotazama saa? Asubuhi mzima, mchana mgonjwa, na kazi nyingi ni za mchana. Zile kope nazo ndizo zilizoharibu mambo kabisa, maana kwetu pwani mwanamke akilegeza macho namna ile mbele ya mwanamume, anarembua. Jirani mmoja akapeleka maneno kwamba Zuhura anawarembulia wanunuzi wa samaki.

Baadaye shemeji yangu Rajabu, mumewe Zuhura, akanipigia simu. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyesimamiwa na mtu, "Shemeji, mama anasema Zuhura aje apumzike huko kwenu kidogo."

Mimi nikafurahi. Nikasema sasa mama ameelewa, mgonjwa dawa yake ni kupumzika. Binamu yangu Shomari, niliyekuwa naye gereji, akanitazama kwa huruma. "Hamza," akasema, "unarudishiwa dada yako na unashukuru."

Tukabishana wiki nzima juu ya maana ya neno kupumzika. Wakati huohuo kikundi cha wagonjwa wa miasthenia, ambacho Zuhura ni mwanachama wake kwa simu, kilikuwa kinatafuta mtu wa kukimbia masafa marefu ili watu wausikie ugonjwa huu na kuchangia dawa. Nikasema nitakimbia mimi, kwa sharti kwamba mbio ziishie kibarazani kwa Bi Mwanakombo. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Pwani nzima ikiutaja ugonjwa kwa jina lake, na yeye atautaja, na mtu hafukuzwi kwa ugonjwa wenye jina.

Tegeta mpaka Mapinga

Fulana niliipokea asubuhi ileile ya kuondoka. Nilikuwa nimemwagiza mchapaji aandike NAKIMBIA KWA AJILI YA WAGONJWA WA MISULI KUCHOKA. Akaniambia maneno marefu hayasomeki barabarani, kwa hiyo ameyapunguza kidogo, akayafanya makubwa. Nikaitazama nikaona nzuri. Mtu akisoma maneno aliyoyatunga mwenyewe huona aliyokusudia, haoni yaliyoandikwa. Shomari naye aliitazama akasema imekaa.

Kifuani iliandikwa NAKIMBIA WAGONJWA. Mgongoni iliandikwa MISULI KUCHOKA. Nikaivaa, nikatoka nayo kifua mbele.

Shomari alinifuata kwa pikipiki yake, amebeba maji, ndizi na kipaza sauti cha kuazima ambacho betri zake zilikufa Boko. Vijana wa bodaboda waliokuwa wanakuja nyuma yetu walikuwa wanasoma mgongo. "Mzee, misuli ishachoka hiyo, panda nikupeleke." Nikawapungia mkono nikidhani wananitia moyo. Waliokuwa wanakuja mbele yangu, wanaosoma kifua, hawakusema kitu. Walivuka barabara.

Mapinga nilisimama kula mihogo ya kukaanga. Muuzaji, mwanamke mwenye kitenge kipya na maneno mengi, alikuwa nyuma yangu wakati naketi, kwa hiyo alisoma mgongo.

"Huo ugonjwa wa kuchoka ndio upi?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, nadhani, mpaka muhogo ukapoa. Misuli inapokea amri kutoka kwenye neva, amri zinafifia njiani, mtu analegea.

"Basi huo hata mimi ninao," akasema. "Na mume wangu anao tangu anioe."

Wateja wakacheka, mmoja akasema mwajiri wake ndiye aliyemwambukiza. Nikamwambia yule mama kwamba huu si uchovu wa kawaida, akaniuliza uchovu wa kawaida ndio upi, maana yeye anaamka alfajiri na hajawahi kuuona usiokuwa wa kawaida. Nikaondoka nimekasirika, na hasira zikanisaidia kilomita kadhaa.

Kerege

Kerege niliingia jua likiwa kali na miguu imeanza kunidai. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anauza vitumbua kando ya barabara. Aliponiona ninakuja, akainuka kwenye kigoda, akakodoa macho kifuani mwangu, midomo ikisoma polepole. Kisha akaingia barabarani akanishika mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, mgonjwa hakimbiwi."

Nikadhani anazipinga mbio zangu. Wako watu wenye mawazo hayo, kwamba mgonjwa anatazamwa na kuombewa, hakimbiliwi barabarani kwa fulana na pikipiki. Nikamwambia, "Mama, siku hizi ndivyo tunavyofanya. Dunia nzima wanakimbia."

Uso ukamwanguka. "Dunia nzima?"

"Wanakimbia kwa maelfu."

"Na wagonjwa wanabaki na nani?"

"Wanabaki nyumbani, wanafurahi."

Akaniachia mkono kana kwamba umemuunguza. Sikumwelewa kabisa. Shomari, ambaye alikwishaanza vitumbua bila kualikwa, akaona niokolewe, akasema kinywa kimejaa, "Mama, mgonjwa mwenyewe ni dada yake. Yuko Saadani. Ndiko anakokwenda huku."

"Anakwenda kwake?"

"Moja kwa moja."

Yule mama akafunga macho akasema alhamdulillahi. Akaniambia nimefanya vyema kujirudi. Sikujua nimejirudi kutoka wapi, ila nilikuwa nimechoka nikasema ahsante. Akaingia uani akarudi na kuku, mtetea mwekundu amefungwa miguu kwa kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Humwendei mgonjwa mikono mitupu. Mpikie supu. Mwambie mama yake wa Kerege anampa pole."

Nikataka kumweleza kwamba sisi tunachangisha dawa, na kuku hawezi kuingia kwenye simu ya kikundi. Shomari akanikanyaga. Kuku akapanda pikipiki.

Mniamini, huyo ndiye mtu wa kwanza njia nzima aliyenipa kitu kwa ajili ya Zuhura, na alinipa kwa kuwa hatukuelewana hata neno moja. Jambo hilo lilinisumbua mpaka Zinga.

Zinga mpaka Dunda

Maneno ya barabara yana pikipiki zake. Nilipofika Zinga watu walikuwa wamesimama vikundi vikundi wakitazama nilikotoka. Mwenye genge akafunika nyanya zake kwa turubai. Mwanamke aliyekuwa anateka maji bombani akabeba ndoo ikiwa nusu. Nikasalimia, wakaitikia kwa mbali.

Mzee mmoja akaniuliza, "Hao wagonjwa wamefika wapi?"

Nikaona hatimaye mtu ameuliza swali la maana. "Mapinga wapo," nikasema. Nilikuwa namkumbuka yule wa mihogo, nikafanya mzaha. "Kule wamejaa."

Mzee hakucheka. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mbele kidogo akatokea bwana afya kwa pikipiki, amevaa shati la mikono mirefu, mtu mpole mwenye kazi yake. Akanisimamisha, akaomba tuzungumze kivulini, na yeye akasimama mbali na kivuli.

"Wagonjwa wako wapi?"

"Wametapakaa. Dar wapo, Tanga wapo. Hata hapa kwenu yawezekana wapo, ila hawajijui."

Akashuka kwenye pikipiki. "Ugonjwa wenyewe unaambukiza?"

"Hapana."

"Unaua?"

"Mtu akitunzwa anaishi."

"Sasa ndugu yangu, kama hauambukizi, na anayetunzwa anaishi, wewe unawakimbia kwa nini?"

"Siwakimbii. Nakimbia kwa ajili yao."

"Ndiyo nakuuliza. Wamekufanya nini?"

Akanyoosha kidole kifuani mwangu. Nikaivuta fulana, nikainamisha kichwa, nikasoma maandishi yakiwa miguu juu. Nikayasoma tena. Nikamgeukia Shomari, naye akasoma, akashika kinywa.

Yote yakanijia kwa pamoja, waliovuka barabara, mama wa Kerege, dunia nzima inayokimbia wagonjwa wake kwa maelfu. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu utoto. Bwana afya alipoelewa hakunicheka, na kwa hilo namshukuru. Aliandika jina la ugonjwa kwenye kiganja kwa kalamu, akaniuliza herufi mara mbili, akaondoka kwenda kuwatuliza watu wa Zinga. Sijui aliwaambia nini. Tulipokuwa tunakaribia Kiromo kijana mmoja alituambia tukimbie haraka, wagonjwa wako nyuma kwa pikipiki.

Dunda, pale Bagamoyo mjini, kuna shangazi yetu, Shangazi Mwajuma, na kwake ndiko tulikolala. Alitupokea mlangoni akasema ameshasikia kuna mwendawazimu ametoroka hospitali Dar na kuku wa watu, akaomba Mungu asiwe wa kwetu, kisha akamwona kuku. Akatupakulia wali wa nazi na papa mkavu wa kukaanga, na bamia. Nilikula mpaka nikaegemea nguzo.

Hapo ndipo nikamuuliza, nikitaka amwaibishe Shomari, neno kupumzika lina maana gani.

"Nani kaambiwa?"

"Zuhura. Mama mkwe wake anasema aje apumzike kwetu."

Shangazi akaacha kukusanya sahani. "Mwanamke akiambiwa akapumzike kwao, hiyo ndiyo lugha ya wanaoona haya. Na wewe ukitokea pale mlangoni, basi ndiye mwenye mzigo wake umefika. Watakutolea begi."

"Lakini mimi nakwenda kuwaeleza ugonjwa."

"Utawaeleza. Huku begi liko nje."

Kumbe kila hatua niliyopiga toka Tegeta nilikuwa nakwenda kumwachisha mdogo wangu kwa miguu yangu mwenyewe. Nikapiga simu ya Zuhura, imezimwa. Nikapiga ya Rajabu, ikapatikana ikikatika. "Mama amesikia unakuja, shemeji," akasema. "Anajiandaa." Nikauliza anajiandaa na nini, simu ikakatika. Sikujua kama nirudi au niendelee. Nikirudi, wataniletea wenyewe. Nikienda, namchukua.

"Nenda," Shangazi akasema, "ila ukweni huingiwa kwa hodi. Ukifika karibu acha huo upuuzi wa mbio, vaa shati, tembea kama mtu."

Nikaahidi. Yeye akatafuta kalamu ya wino mzito, akaandika juu ya WAGONJWA, kwa herufi za kubanana, KWA AJILI YA.

Wami

Kutoka Bagamoyo kwenda kaskazini watu wanapungua, na kwa mara ya kwanza nilikimbia bila kuulizwa. Ningefurahi kama nisingekuwa na mawazo. Kila nilipopunguza mwendo nilimwona Zuhura amekaa juu ya begi, na kila nilipoongeza nilimwona vilevile. Kwa hiyo nilikimbia vibaya, mara upesi, mara polepole, Shomari akilalamika kwamba pikipiki haijui ishike gia ipi.

Tulilala njiani kwa mkulima mmoja Mkwere aliyetupa ugali na kisamvu bila kuuliza habari ya fulana, kwa kuwa hajui kusoma, na tulizungumza vizuri kuliko na mtu yeyote. Nilimwambia dada yangu anaumwa. Akasema pole. Ndivyo mazungumzo yalivyopaswa kwenda tangu mwanzo.

Tulipovuka mto Wami jasho lilikuwa limekwisha kula wino wa Shangazi. KWA AJILI YA ilibaki mchirizi wa buluu. Nikawa nawakimbia wagonjwa upya.

Langoni mwa hifadhi ya wanyama, ambayo kijiji cha Saadani kimo ndani yake, askari alinisoma juu mpaka chini.

"Humu hakukimbiwi," akasema.

Nikamweleza kwamba nimeahidi kukimbia mpaka kijijini.

"Mzee, kuna simba. Ukikimbia mbele yake, yeye anajua wewe ni chakula. Akikuona umetulia, anafikiri kwanza."

"Na pikipiki?"

"Inabaki hapa."

Nikabisha, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikasema nimetoka Tegeta kwa miguu na siwezi kumaliza kwa kupakiwa. Askari akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema naweza kukimbia ndani ya gari. Likaja gari linalopeleka barafu kwa wanunuzi wa samaki, tukapanda nyuma mimi, Shomari na kuku. Nilikaa juu ya barafu, na kwa muda nilistarehe kwa mara ya kwanza tangu Dunda, kwani barafu naijua. Lakini barafu na miguu iliyochoka havipatani. Tulipokaribia kijiji magoti yalikuwa yamekuwa kuni.

Saadani

Abiria mwenzetu ndiye aliyeniponza. Alikuwa mwanamke wa makamo anayenunua uduvi, wale kamba wadogo wanaoanikwa pale. Akaniuliza zile mbio zenyewe ni hizi za kukaa kwenye gari? Shomari akacheka. Nami nina hasira za karibu. Nikagonga bati, gari likasimama kwenye nyumba za kwanza, nikashuka.

Sikusahau wasia wa Shangazi. Nilipanga kukimbia mpaka kona ya msikiti, nivae shati, niingie kwa hodi. Ila nilikuwa sijafika kule tangu harusi, na nyumba zilizokuwa zimeikinga ile ya Bi Mwanakombo zimekwisha kubomolewa. Nilipinda kona nikajikuta uwanjani kwake, natoka mbio, kuku kwapani, watu kadhaa wa kijiji wananifuata nyuma kuona kuna nini.

Bi Mwanakombo alikuwa mkekani anachagua uduvi. Kando yake, kibarazani, Zuhura ameketi amevaa baibui la safari. Miguuni pake begi limefungwa.

Bi Mwanakombo akaona mtu wa upande wa mkwewe anaingia kwa mbio, hana salamu, hana pumzi. Kwetu hilo lina maana moja tu. Akaweka mikono kichwani. "Nani?" akauliza. "Nani kafa?"

Nilitaka kusema hakuna msiba. Pumzi ilinitosha kwa neno moja tu, na lililotoka ni msiba.

Yule mama akapiga ukelele. Majirani wakaitikia. Zuhura akainuka, akataka kuita jina langu, sauti ikamtokea puani, akaanguka tena kwenye begi. Mimi natikisa kichwa, nao wanaona mtu anayesikitika. Namwonyesha kuku, nao wanaona kuku wa matanga. Shomari alipofika, mzito kama alivyo, aliwakuta wanawake wamekwisha kujifunga kanga viunoni na mmoja anauliza maziko ni leo au kesho.

Ilichukua muda kuuzima huo msiba. Walipoelewa kwamba hakuna aliyekufa walinikasirikia, na walikuwa na haki. Lakini mimi sikuwa na nguvu hata ya kuomba radhi. Miguu ilikatika nikakaa mchangani. Bi Mwanakombo akaletewa kikombe cha chai ya mchaichai akanipa. Mkono wangu ukainuka mpaka kifuani ukatetemeka, ukashuka na kikombe chake. Chai ikanimwagikia. Nikajaribu tena. Sikuweza.

Akapiga magoti, mama wa watu na umri wake, akanishikia kikombe mdomoni. "Kunywa kidogo kidogo, baba. Tazameni macho yalivyomlegea, maskini. Hawezi hata kuyafumbua." Akaagiza mto. Akaagiza watu wasinisemeshe. "Mwacheni apumzike. Mtu kakimbia kutoka Dar, ana haki ya kuchoka."

Ilikuwa baada ya adhuhuri, saa ambazo Zuhura huwa amekwisha. Alikuwa ameegemea ukuta, kope zimemshuka kama zangu, mkono umelala pajani umekufa. Akasema polepole, akipumzika kati ya maneno, na kila mtu alimsikia.

"Mama. Na mimi ndivyo nilivyo. Kila siku. Ila sina fulana."

Bi Mwanakombo bado ameshika kikombe. Akanitazama mimi, akamtazama Zuhura, akanitazama tena. Nilikuwa nimetayarisha maelezo toka Tegeta, neva na amri zinazofifia njiani, na nilikuwa na jina la ugonjwa mdomoni. Sikusema. Sikuwa na nguvu, na mara moja katika maisha yangu nashukuru kwamba sikuwa nazo.

"Kila siku hivi?" akauliza.

"Kila siku."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nimeshalala usiku kucha. Nguvu zimerudi."

Akarudi kwenye uduvi wake akachagua, ila niliona anaweka wachafu kwenye wasafi. Rajabu alirudi jioni kutoka kambi ya wageni anakopika, akanipa mkono akiwa ametazama chini. Hakuna aliyelitaja begi. Mimi sikujua kama nimekuja kuchukua au kueleza au kuugua, na wao nadhani hawakujua.

Kuku wa Kerege alichinjwa. Bi Mwanakombo mwenyewe ndiye aliyepakua. Akachukua kidari, akakichambua kwa vidole nyuzi nyuzi, nyembamba kabisa, akazitumbukiza kwenye bakuli la supu, akalisukuma mbele ya Zuhura bila kumtazama. Nikamwambia Zuhura kwamba mama yake wa Kerege anampa pole. Akauliza ni nani huyo. Nikasema ni hadithi ndefu. Akala supu yote, nami nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Asubuhi nilipotoka kibarazani begi halikuwepo. Nilizunguka nyumba nikilitafuta, nikadhani limeibwa. Kisha nikasikia nazi inakunwa uani na Zuhura anaimba.

Kurudi

Kurudi hakuna cha kusimulia. Nilipanda gari, na Kerege sikumkuta mama wa vitumbua.

Kikundi wameniuliza nimewafikia watu wangapi. Sijui niwajibu nini. Zinga pengine bado wanawasubiri wagonjwa waje. Mapinga wote wanao. Bwana afya alikuwa na jina kiganjani, nami sijui kama hakunawa. Saadani jina la miasthenia halikukaa hata siku moja. Nilimfundisha Bi Mwanakombo mara tatu kabla sijaondoka, akalitafuna, akalitema.

Fulana alibaki nayo Bi Mwanakombo. Alisema ataifua, sikuidai. Juzi Rajabu alinipigia, safari hii sauti yake ilikuwa yake mwenyewe. Anasema Zuhura akichoka mchana huivaa juu ya gauni, akajilaza kibarazani, na mzaha huo kaubuni mwenyewe. Siku moja walikuja wanunuzi wa samaki, mmoja akamwona amelegeza macho, akamsalimia kwa namna isiyopendeza. Bi Mwanakombo akamkatiza kutoka jikoni, ameshika mwiko.

"Usimsemeshe saa hizi," akamwambia. "Huyo katoka mbio."